Tulipanda miche 400 kwenye eneo la kiwanda kilichokufa, ikapona 30. Nimegundua kosa, nina maswali mawili

#1 Mpanda Vumbi

Wakuu, salaam. Bandiko ni refu, mwenye haraka aruke mpaka chini kwenye maswali.

Sisi ni kikundi cha wakazi tunaozunguka eneo la kiwanda kilichofungwa zamani. Mitambo ilishakatwa ikauzwa chuma chakavu, mabati yakang'olewa, zikabaki sakafu za zege, msingi wa ghala, njia za malori na vichaka vilivyojiotea. Hekta kama sita. Baada ya kuzungushwa sana tulipewa ruhusa ya maandishi kupageuza bustani ya msitu: miti, njia za kutembea, kivuli, mahali watoto wacheze. Tukafurahi mno, siku ya pili tu tuko kitaluni.

Mvua za kwanza tukapanda miche 400. Mashimo tulichimba kwa sururu, tukaweka samadi, tukapanda, tukapiga picha za kutosha. Mvua zilipokata miche ikaanza kukauka kuanzia nchani. Mwaka unazunguka, imebaki kama 30, na mingi kati ya hiyo iko pembeni kabisa kando ya uzio. Maneno yakaanza. Pale pana sumu, pale hapajawahi kuota kitu, miche ilikuwa mibovu, na lile la siku zote: hela imeliwa.

Nikaamua kufukua mche mmoja uliokufa. Ulitoka na shimo lake lote! Mizizi ilikuwa imezunguka humo ndani, duara safi, utadhani bado uko kwenye kiriba. Hakuna mzizi hata mmoja uliotoboa ukuta wa shimo. Chini yake palikuwa na tope jeusi linalonuka yai viza. Ndipo nikaelewa kwamba hatukuchimba mashimo, tulichimba ndoo 400. Mvua iliponyesha ndoo zikajaa mizizi ikakosa hewa, mvua ilipokata ndoo zikakauka na mizizi haikuwa na pa kukimbilia.

Nikachukua nondo ya milimita 12, nikaisimamisha na kuilalia kwa uzito wangu wote. Kando ya uzio iliingia nusu mita bila shida. Yalikokuwa yanapita malori iliingia sentimita 10, ikagota kama imekutana na sakafu. Nikarudia sehemu nyingine kumi na kitu, mambo ni yaleyale.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, anayebisha abishe: kwenye maeneo haya tunakimbilia kusema sumu, wakati mara nyingi kinachoua mti kwanza ni ardhi iliyoshindiliwa. Miaka nenda rudi ya magurudumu, halafu unategemea mzizi wa mche upenye.

Maswali:
1. Kuna jamaa wa malori kajitolea kutumwagia udongo bure eneo zima. Tukubali?
2. Vile vichaka vilivyojiotea vinafika karibu theluthi ya eneo. Wenzangu wengi wanataka vifyekwe vyote tuanze upya. Mnasemaje?

#2 siti_ya_mbele

Niko hapa. Waje wenye fani.

#3 Mtu wa Katapila

Mkuu, kwa hiyo nondo yako umeshusha nondo kweli. Mimi naendesha mitambo, nimefanya kazi za aina hii baada ya machimbo kufungwa, ngoja niseme ninachokijua.

Mti unataka karibu mita moja ya udongo unaopenyeka. Sururu haiwezi kukupa hiyo. Unahitaji katapila lenye kucha nyuma lipasue mpaka sentimita 60 au zaidi, au kijiko kinachochimba, kinalegeza, kinaacha udongo hapohapo na kurudi nyuma. Hiyo ya pili ni bora mara dufu kwa sababu kijiko hakirudi kukanyaga kilipolegeza. Nimeona watu wanapasua vizuri sana, halafu lori la samadi linapita juu yake. Lori likishapita, hesabu kwamba siku ile hamkufanya kazi.

Halafu muda. Pasua ardhi ikiwa kavu. Udongo wa mfinyanzi ukiwa mbichi kucha inapita kama kisu kwenye sabuni, inaacha mfereji wenye kuta laini zinazong'aa na hakuna kilichopasuka. Ukiwa mkavu unakatika mabonge, nyufa zinakwenda pembeni, na nyufa hizo ndizo njia za mizizi. Kwenye mteremko, pasua kukingama na mteremko, la sivyo mvua ya kwanza itakuchimbia makorongo.

Kubwa kuliko yote, usiruhusu mtambo uingie kabla hamjajua kilichozikwa. Mabomba, nyaya, mashimo ya maji machafu, matangi ya mafuta ya chini ya ardhi. Siku moja kucha yangu iliinua kipande cha bomba, likafuata tope la oili, harufu ikajaa kibandani. Tulisimamisha kazi wiki mbili. Mwenye eneo alikuwa ametuapia kwamba pale hapakuwahi kuwa na kitu.

#4 Kipima

Mleta uzi nakuheshimu, ila hapo kwenye sumu unateleza. Uko sahihi kwamba ugumu wa ardhi unaua miti. Sumu mara nyingi haiui mti, ndiyo hatari yake. Mti unastawi, kivuli kinapendeza, na mtoto anacheza chini yake akitia vidole mdomoni.

Na msiniletee ile hoja ya "mbona nyasi zinaota". Anthony Bradshaw, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alichunguza nyasi zilizoota juu ya taka za machimbo ya zamani kule Wales. Akakuta nyasi zile zimebadilika kizazi kwa kizazi zikawa zinastahimili metali, wakati ndugu zao wa aina ileile kutoka malisho ya jirani wakipandwa pale wanakufa. Kwa hiyo jani kuwa kijani si cheti cha usalama.

Anza na swali: kilikuwa kiwanda cha nini? Betri, tafuta risasi, yaani madini ya ledi. Ngozi, tafuta kromiamu. Mbao za kutia dawa, arseniki. Gesi ya makaa ya mawe, lami na jamaa zake. Palipokuwa na transfoma za zamani, mafuta yake yanaweza kuwa na kemikali za PCB, na hizo haziozi kirahisi. Mapaa ya zamani, asbestosi. Asbestosi msiivunje wala kuifagia ikiwa kavu, wawaite wenye vifaa na kibali.

Hata hivyo sumu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye maji. Inakaa vidonda vidonda: penye tangi, mlango wa karakana, mwisho wa mfereji, lundo la majivu ya tanuri. Ndiyo maana kuchota udongo sehemu moja na kupeleka maabara ni kujidanganya. Chora ramani kwanza, kisha chukua sampuli nyingi kwenye maeneo unayoyashuku, na nyingine kwa mpangilio wa miraba eneo lililobaki. Mnaweza kuchota wenyewe kwa maelekezo ya maabara, ila majibu yasomwe na mtu anayejua viwango vya mahali watoto wanapochezea. Viwango vya maegesho ni vingine kabisa.

Mfano wa kutosha ni Seattle, Marekani. Kiwanda cha gesi kilifanya kazi pale kando ya ziwa kuanzia 1906 hadi 1956. Msanifu Richard Haag akakataa kuvunja mitambo, na udongo wenye mafuta akautibu kwa kuulegeza na kuchanganya vitu vinavyooza ili bakteria wale mafuta. Bustani ikafunguliwa 1975, wazo zuri na la kishujaa kwa wakati wake. Lakini tope la lami lilibaki chini, na mwaka 1984 bustani ikafungwa kwa muda ili ipimwe upya. Usafishaji na ufunikaji viliendelea miaka mingi baadaye. Na huyo hakuwa mzembe, alikuwa mtu makini.

#5 Mpanda Vumbi

Kipima, umenigusa pabaya. Hatukupima. Nilikuwa nakwepa kusema.

Swali la nyongeza: nimesoma mahali kwamba miti yenyewe inavuta sumu kutoka ardhini. Je, si tungepanda tu ikasafisha?

#6 Kipima

Hiyo imetiwa chumvi. Baadhi ya mimea huvuta baadhi ya metali, ila risasi haivutiki kirahisi, imeshikana na udongo. Kwa kasi hiyo utasubiri vizazi. Halafu kuna mtego: mipopla na mierebi huvuta kadimiamu na zinki ikapeleka kwenye majani. Majani yanadondoka. Ulichokitoa nusu mita chini umekileta juu kabisa, pale ambapo mtoto anakaa.

Kazi ya maana ya mti kwenye ardhi ya namna hii ni kuituliza. Mizizi inashika udongo, vumbi halipeperuki, maji hayabebi tope mpaka mtoni. Ukiongeza chokaa pale uchachu ulipozidi, na mboji, metali nyingi hupunguza kutembea. Penye kidonda kibichi, ondoeni au funikeni: kitambaa cha ujenzi cha rangi kali chini, udongo safi uliopimwa juu yake, ili miaka 30 ijayo mtu akichimba akakuta ile rangi ajue asimame.

#7 Mzee wa Viraka

Mimi swali langu ni moja tu. Mmeongea na waliokuwa wanafanya kazi humo?

#8 mama_kitalu

Ndugu zangu, kwanza hilo la malori ya udongo. KATAENI. Nimekaa kitaluni miaka mingi, udongo wa bure naujua. Ni kifusi cha mtu aliyekosa pa kumwaga. Juu mweusi unapendeza, ukipekua ndani ni vigae, nailoni, vioo na mizizi ya magugu ambayo mtayapalilia mpaka mzeeke. Hata ukiwa safi na wenye rutuba kweli, mkiutandaza mnalisha nyasi. Nyasi ndiye mwizi namba moja wa maji ya mche. Duara la mita moja kuzunguka kila mche liwe wazi, lifunikwe kwa matandazo manene, na matandazo yasiguse shina. Nikiambiwa nichague kati ya mbolea na palizi kwa miaka mitatu, sifikirii mara mbili.

Miche nayo, msikimbilie mirefu ya kupigia picha. Mche mfupi wenye mizizi mizuri ukipandwa sawa, baada ya miaka michache unaupita ule mrefu uliokaa kwenye kiriba mpaka mizizi ikajizungusha. Kabla ya kupanda pasua kiriba, angalia chini. Mzizi umejikunja? Ukate au urudishe mche.

Sasa aina. Ardhi ya kiwanda imekosa naitrojeni kwa sababu haina kitu kilichoozea humo. Anza na miti inayojitengenezea yenyewe. Na hapa niwape habari ya Bamburi, Mombasa, maana wengi wamefika wakaangalia twiga na viboko bila kujua walikuwa wamesimama juu ya nini.

Pale kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950. Kikaacha shimo jeupe, jua linapiga chini na kurudi juu, maji ya chumvi karibu na uso wa ardhi, udongo hakuna kabisa. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akaanza kujaribu. Alipanda aina 26 za miti. Zilizopona ni tatu. Kati ya hizo iliyobeba mzigo ni mvinje, kwa sababu mizizi yake inaishi na kijidudu kinachoitwa Frankia kinachonasa naitrojeni ya hewani.

Mvinje ukakua, ila likaja jambo lingine. Majani yake yale kama sindano yana tanini nyingi, kemikali chungu inayozuia kuoza, yakidondoka hayaozi. Yalilala tu kama mkeka. Miti ipo, udongo hautengenezeki! Aliyeokoa jahazi ni jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu. Haller akaona wanayala yale majani, akaleta wengine kwa mamia. Kinyesi chao na bakteria wao vikaanza kutengeneza mboji. Mboji ilipopatikana miti mingine ikaweza kuingia, na mivinje ikawa inapunguzwa kuipisha. Mwaka 1984 wakafungulia watu. Ndipo hapo alipoletwa yule kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe Mzee mpaka dunia nzima ikawajua.

Kila nikiisoma habari hii ninachokiona ni zile aina 23 zilizokufa. Haller hakuanza na msitu, alianza na majaribio. Nyie mlipanda 400 siku moja. Mngepanda miche mitano mitano sehemu kumi tofauti mngejua yote haya kwa miche 50.

#9 Mpanda Vumbi

Mama, hapo umenimaliza. Basi malori hayaji.

#10 Jicho Kali

Tahadhari kidogo kuhusu miti inayojitengenezea naitrojeni. Mingine ikishazoea haitoki. Mlusina kwa mfano, ukishaumwagia mbegu mahali, wajukuu wako watakuwa wanaung'oa. Mti yaya, ule unaotangulia kuilea mingine, mzuri ni unaokubali kustaafu.

#11 Mdudu Mdogo

Nimekuja kwa swali la pili. Msifyeke!

Kile unachokiita kichaka kimefanya kazi bila malipo muda wote mlipokuwa mnazungushwa kwenye maofisi. Kimepasua zege, kimeleta ndege, ndege wameleta mbegu. Pia kinakuonyesha ramani: penye mimea mirefu ardhi inapenyeka, penye upara ama pamegota ama pana kitu. Kabla ya maabara yoyote, chora ramani ya upara.

Berlin kuna eneo linaitwa Südgelände, yalikokuwa yanapangwa mabehewa ya treni. Shughuli zilikoma 1952, pakafungwa, pori likajiotea juu ya reli. Miaka ya 1980 ilipotaka kujengwa stesheni mpya ya mizigo, wananchi wakapinga. Wakashinda, na mwaka 2000 hekta 18 zikafunguliwa kama bustani ya asili. Hawakupanda msitu, walitengeneza njia. Sehemu nyingine ni daraja dogo la chuma lililoinuliwa, unapita juu bila kukanyaga kitu. Na sehemu zilizo wazi wanazilinda zisimezwe na miti.

Hilo la mwisho ndilo wapenda miti hawalipendi. Si kila mahali panataka miti. Canvey Wick, Uingereza, ilikuwa eneo la kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho kilianza kujengwa miaka ya 1970 kisha kikatelekezwa. Ardhi ile mbovu, yenye mchanga na lami na jua, ikawa makazi ya wadudu adimu kiasi kwamba mwaka 2005 ikatangazwa eneo la hifadhi. Wangekwenda watu wenye nia njema na miche yao, wangewaua kwa kivuli.

#12 Kamanda wa Mtaa

Mdudu Mdogo, unaongea vizuri kwa sababu hukai jirani na hicho kichaka. Sisi tunaokaa jirani na vichaka vya namna hiyo tunajua kinachotokea saa moja jioni. Mwanangu wa kike hapiti. Wadudu adimu watafute pengine, watu wanataka kuona anayekuja mbele yao.

#13 Mdudu Mdogo

Kamanda, hoja yako ni ya haki na sikuizingatia. Lakini kufyeka vyote si jibu pekee. Safisha mita tatu nne kila upande wa njia, matawi ya chini yapogolewe juu ya kimo cha mtu, njia isiwe na kona kali ya kujificha, na kila njia iwe na pa kutokea kuwili. Kichaka kinene kikae katikati, mbali na njia. Na zile njia za panya ambazo watu wamezichonga kwa miguu yao, msizifunge. Hizo ndizo njia za kweli, zitengenezeni hizohizo. Mchoraji akiweka njia yake nzuri ya kupinda, watu watakatiza tu.

#14 Kamanda wa Mtaa

Hapo sawa. Ukiniwekea hivyo nakubali.

#15 siti_ya_mbele

Na magofu? Zile nguzo za zege na msingi wa ghala vivunjwe au viachwe?

#16 Mtu wa Katapila

Kuvunja zege ni kazi ghali kuliko yote na bado utatafuta pa kupeleka kifusi. Kinachoweza kuanguka kiondoke, kilicho imara kipewe kazi.

Angalia Duisburg, Ujerumani. Kiwanda cha chuma kilizimwa 1985. Ofisi ya msanifu Peter Latz ikapewa kazi, bustani ikafunguliwa 1994, kama hekta 180. Matanuri yamesimama vilevile, watu wanapanda juu kuangalia mji. Kuta za maghala ya mawe ya chuma zimekuwa za kujifunzia kukwea. Tangi kubwa la gesi limejazwa maji, wapiga mbizi wanajifunzia humo! Na udongo wenye sumu kali hawakuusafirisha kwenda kuwa tatizo la mtu mwingine, ule walioweza kuufungia humohumo kwenye maghala ya zege waliufungia. Mti ukiota kwenye ufa wa ukuta wanauacha.

Nyie sakafu ya ghala ni uwanja wa mpira tayari. Toboeni mashimo machache tu ili maji yapate pa kushukia.

#17 Mzee wa Viraka

Narudia swali langu maana limepitwa. Mmeongea na waliokuwa wanafanya kazi humo?

#18 Mpanda Vumbi

Mzee, nisamehe kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa nakwenda kufanya ulichouliza.

Nimempata babu mmoja aliyefanya kazi pale karibu maisha yake yote ya utumishi. Nikamchukua jana asubuhi, tukaingia naye taratibu na fimbo yake. Kila baada ya hatua chache anasimama, anaigonga ardhi. "Hapa karakana. Oili chafu tulikuwa tunamwaga pale nyuma, kila Ijumaa." "Hapa chini kuna tangi, sijawahi kusikia limetolewa." "Huu mfereji ulikuwa unaenda mpaka kule, wakauziba." Mimi nafuata nyuma nachomeka vijiti vyenye kitambaa chekundu. Tulimaliza na vijiti 14.

Tulipofika kwenye lile tangi nikakumbuka bandiko la Mtu wa Katapila. Ni katikati kabisa ya eneo tulilotaka kuanza kupasua.

Ila kilichonishangaza ni kingine. Wakati wa kuondoka akaniuliza, "Sasa hii bustani, sisi tuliokuwa humu tutaruhusiwa kuingia?" Hajui. Hakuna aliyemwambia. Tumefanya vikao vinane na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitwa.

#19 Mzee wa Viraka

Ndiyo maana niliuliza mara mbili. Mimi pia nilifunga geti la kiwanda, cha mbali na chenu. Siku wanaondoa mashine tulisimama nje ya uzio. Miaka kadhaa baadaye ikaja miradi kupanda miti, ikiwa na mabango na kofia. Hawakutuuliza. Kiangazi kikaja, moto ukawaka, na nakwambia ukweli, hakuna aliyekimbia na ndoo.

Kule Swansea, Wales, bonde zima lilikuwa limeharibiwa na viwanda vya kuyeyusha shaba. Mradi wa kulifufua ulianza 1961, nao ulikuta shida hiyohiyo, moto na uharibifu. Kilichosaidia ni kuwaingiza watoto wa shule za jirani kupanda na kulinda. Mtoto akishakuwa na mti wake, anayewasha moto anajulikana kwa jina kabla jua halijazama.

#20 Kipima

Naongeza moja kwenye la mzee, kisha nanyamaza. Sudbury, Kanada. Moshi wa kuyeyusha nikeli na shaba uliunguza mimea mpaka vilima vikabaki miamba myeusi. Kuna hadithi kwamba wanaanga wa Apollo walipelekwa pale kwa kuwa palifanana na mwezini. Si kweli, walikwenda kusoma miamba iliyopondwa na kimondo. Ila inakuonyesha sura ya mahali ilikuwaje mpaka watu wakaamini.

Mwaka 1978 mji ukaanza kazi: chokaa ikabebwa kwa mifuko na kumwagwa kwa mikono vilimani, kisha mbolea, nyasi na jamii ya kunde, miti baadaye. Waliobeba mifuko ni wanafunzi na watu waliopunguzwa kazi migodini. Leo miche iliyopandwa imepita milioni 10. Lakini angalia mpangilio: kwanza moshi ulipunguzwa, pili udongo ukatibiwa, tatu nyasi, mti ni wa nne. Na kuna sehemu waliweka chokaa na nyasi tu, miti ikajiotea yenyewe.

#21 mama_kitalu

Mpanda Vumbi, yule babu mweke kwenye kamati. Si kwa heshima, kwa kazi.

#22 Mpanda Vumbi (baada ya miezi kumi na moja)

Wakuu, nimerudi. Wengine mliniandikia pembeni kuuliza tumefikia wapi.

Tangi limetolewa. Lilikuwa na maji na oili, udongo uliolizunguka ukaondolewa na kampuni yenye kibali, kazi hiyo ilimeza karibu fedha yote ya mwaka. Vijiti vya babu 14, maabara ilikuta tatizo kwenye vitano, na sehemu moja ambayo hata yeye hakuijua. Sehemu mbili zimefunikwa kama Kipima alivyosema, kitambaa cha rangi ya machungwa chini. Nyingine zina uzio mpaka tupate fedha.

Tumepasua hekta moja na nusu tu, ardhi ikiwa kavu, katapila halikurudia njia. Vichaka tumeviacha, tumefungua kando ya njia tatu za panya. Kamanda, siku ukipita nitafute nikuonyeshe. Sakafu ya ghala vijana wameshachora goli.

Tumepanda miche 120 kwenye vikundi vya majaribio, aina tisa, na wafanyakazi wa zamani saba wana vikundi vyao. Kikundi cha babu kina palizi safi kuliko vyote, anatuona sisi wavivu. Mpaka leo imekufa 19, kumi kati ya hiyo ni aina moja ambayo kila mtu alikuwa anaitaka kwa sababu ya maua.

#23 siti_ya_mbele

Safi sana. Na nondo je? Inaingia mpaka wapi sasa?

#24 Mpanda Vumbi

Tulipopasua, sentimita 55, pengine 60. Njia ya malori upande wa geti hatujafika, bado ni 10.